Chonga Tumbo Kwanza: Ndege ya Mizigo ya Kijeshi kwa Mbao za Kagera

Mtu akiambiwa achonge ndege ya jeshi, mkono wake hukimbilia ndege ya kivita: pua kali, mabawa ya mshale, makombora mawili chini. Ndege ya namna hiyo huchongeka upesi na husahaulika upesi. Ndege ya mizigo haikubali kuchongwa hivyo. Ina tumbo pana, mkia ulioinuka ili gari lipite chini yake, na mara nyingi bawa lililokaa mgongoni badala ya kupita chini ya bodi. Kila umbo hapo limeletwa na kazi. Fundi asiyeijua kazi hiyo atatoa kitu chenye mabawa, na wa kwanza kukiona atauliza ni ndege gani.

Mkazi wa Bukoba au Muleba ana sababu yake ya kuichonga. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalipoingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na daraja la Kyaka likavunjwa mwanzoni mwa Novemba, kazi ya kwanza ya Tanzania ilikuwa kufikisha askari, chakula, mafuta na risasi kwenye kona hii ya nchi, ng'ambo ya ziwa, mbali kabisa na Dar es Salaam. Treni, meli, malori na magari ya raia vyote viliingizwa kazini. Vita vile vilikuwa vya mizigo kabla havijawa vya mizinga. Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979, kila gunia la unga lililoliwa njiani lilikuwa limebebwa na mtu au chombo fulani. Askari wengi waliokufa wamezikwa Kaboya, wilayani Muleba. Kifaru na bunduki vimekwisha kuchorwa na kusimuliwa sana; chombo kinachobeba bado hakijapata wachongaji wa kutosha.

Mwongozo huu ni wa mtu anayejua kushika randa na patasi hata kama hajawahi kuchonga ndege. Anayetoka chuo cha ufundi ataufuata bila shida, na seremala wa milango na vitanda atakuta zana nyingi anazo tayari.

Chagua ndege yenye historia hapa

Zipo nne zinazofaa, na kila moja ina uhusiano wake na Afrika Mashariki.

Ya kwanza ni Caribou, iliyoundwa na kampuni ya De Havilland Canada na kuruka kwa mara ya kwanza mwaka 1958. Walioibuni walitaka ndege inayobeba mzigo wa kiasi cha Dakota lakini inayotua na kuruka kwenye kiwanja kifupi cha majani au changarawe. Katikati ya miaka ya 1960 Canada ilianza kukifundisha kikosi cha anga cha Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), na Caribou zikaja kwa mlango huo pamoja na ndege ndogo aina ya Otter. Ina injini mbili za pistoni, na hubeba askari 32 au magari mawili madogo ya jeshi.

Ya pili ni Buffalo, mdogo wake Caribou, iliyoruka mwaka 1964. Tanzania ilikuwa nazo pia. Bodi ni ndefu zaidi, injini ni za tabo na zina pua nyembamba, na mkia wake wa mlalo umekaa juu kabisa ya mkia wa wima, mfano wa herufi T. Hubeba askari 41.

Ya tatu ni Dakota ya Marekani, farasi wa mizigo wa Vita Kuu ya Pili. Za kijeshi peke yake zilitengenezwa zaidi ya 10,000. Vita vilipokwisha nyingi ziliuzwa kwa raia, na Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1946 na kuvunjika 1977, lilizitumia. Bawa lake limekaa chini ya bodi, na ikiwa ardhini inakalia gurudumu la mkiani, pua ikitazama juu.

Ya nne ni Hercules, iliyoruka mwaka 1954 na yenye injini nne. Ng'ambo ya ziwa jina lake liko kwenye visa viwili. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976, Hercules nne za Israeli zilitua Entebbe, Uganda, kuwakomboa mateka. Aprili 1979, JWTZ ilipoiteka Entebbe, Hercules ya Libya, nchi iliyokuwa ikimsaidia Amin, iliteketezwa papo hapo uwanjani.

Anza na Caribou. Ni ya JWTZ, ina injini mbili tu, na umbo lake lina kila somo ambalo mchongaji wa ndege za mizigo anapaswa kulijua. Hatua zote zinazofuata zimepangwa kwa ajili yake.

Huenda ukafikiria pia ATR ya abiria, kwa kuwa nayo huonekana Bukoba. Itumie kuyafundisha macho: ikiwa uwanjani, tazama bawa lilivyokaa mgongoni na pangaboi zilivyo mbali na ardhi. Lakini usiichonge kwa ajili ya kuuza mjini. Ajali ya ATR ya tarehe 6 Novemba 2022, iliyoua watu 19 ziwani karibu na uwanja, ni msiba ambao familia nyingi hazijautoka.

Mita moja iwe sentimita moja

Tumia kipimo cha 1:100. Hutahitaji kikokotoo, maana kila mita ya ndege halisi inakuwa sentimita moja ya mbao. Vipimo vikuu ni hivi:

- Caribou: upana wa mabawa sm 29.2, urefu sm 22.1, kimo sm 9.7.
- Buffalo: mabawa sm 29.3, urefu sm 24.1, kimo sm 8.7.
- Dakota: mabawa sm 29.1, urefu sm 19.4, kimo sm 5.2.
- Hercules: mabawa sm 40.4, urefu sm 29.8, kimo sm 11.7.

Tatu za kwanza zina mabawa yanayokaribia kulingana kabisa. Kwa hiyo ukizichonga zote kwa kipimo kimoja na kuzipanga kwenye rafu moja, mtazamaji ataona mwenyewe jinsi tumbo na mkia vilivyobadilika huku bawa likibaki na upana uleule. Ndiyo sababu haifai kubadilisha kipimo kila unapopata kipande kikubwa au kidogo cha mbao.

Vipimo vidogo utavitoa kwenye picha. Tafuta picha iliyopigwa ubavuni kabisa, ndege ikiwa haijageuka hata kidogo, na uichapishe. Pima urefu wa ndege kwenye karatasi. Tuseme umepata sm 17. Gawanya 22.1 kwa 17, utapata 1.3. Sasa kila unachopima kwenye picha hiyo zidisha kwa 1.3: mkia wa wima ukisoma sm 3.5 kwenye karatasi, kwenye mbao utakuwa sm 4.55. Fanya vivyo hivyo kwa picha ya juu na ya mbele, ukianzia na upana wa mabawa.

Kwa upana wa bawa kutoka mbele hadi nyuma iko hesabu ya kukulinda. Eneo la bawa la Caribou ni karibu mita za mraba 85. Ligawanye kwa upana wa mita 29.15, utapata wastani wa mita 2.9, yaani sm 2.9 kwenye mbao. Vipimo vya picha vikikupa bawa la sm 4, picha ilipigwa kwa pembe; itupe.

Picha za halali, simulizi za wazee

Picha za Caribou zimejaa kwenye vitabu vya ndege na kwenye intaneti, kwa sababu nchi nyingi zilizitumia. Huna haja ya kukaribia kambi ya jeshi na simu mkononi. Kupiga picha kambi, ndege au askari bila ruhusa ni kujitafutia kesi, na Kaboya nako ni mahali pa kuomba ruhusa kwanza.

Hazina nyingine ni wazee waliopigana au kupakia mizigo mwaka 1978 na 1979. Nenda kwa adabu: shikamoo mzee, habari za nyumbani, kisha eleza unachotengeneza na uoneshe mchoro. Usianze na maswali ya waliokufa. Uliza mzigo ulifika kwa chombo gani, ulifungwaje usiteleze, watu walikaa wapi. Anayekumbuka ndege atakueleza mambo ambayo picha haioneshi, hasa ya ndani ya tumbo. Asiyekumbuka ndege ila meli au lori, sikiliza vilevile. Pengine kazi yako ya pili ni hiyo.

Mbao zinazopatikana

Kwa bodi na mabawa unataka mbao nyepesi, zenye nyuzi zilizonyooka, zisizo na vifundo. Musizi, ambao Wahaya huuita muhumula, ndio wa kwanza kwenye orodha: ni laini kwa patasi, na rangi yake ya manjano huiva kuwa ya dhahabu kadiri siku zinavyokwenda. Msindano, yaani mbao za paina, zinapatikana kila karakana, lakini pete zake zina sehemu laini na sehemu ngumu, na msasa huchimba zile laini. Ukizitumia, funga msasa kwenye kibao bapa. Usisugue kwa vidole vitupu.

Mvule na mkangazi vina rangi nzuri, ila ni vizito na vya bei. Vinafaa kwa kitako. Vumbi la mvule huwasha ngozi na kubana kifua, kwa hiyo vaa barakoa na usugulie nje.

Kwa vitu vidogo, yaani matairi, vitovu vya pangaboi na vigingi, hakuna kinachoushinda mbuni. Mkulima anapokata mibuni mizee ili ichipue upya, yale mashina yanayokwenda jikoni kuwa kuni ni mti mgumu, wenye nyuzi za karibu karibu, usiomeguka hata ukichongwa mwembamba. Omba vipande vichache, kausha, tunza.

Hutahitaji kununua gogo. Ndege moja ya Caribou hutoka kwenye vipande ambavyo seremala wa Hamugembe au Muleba mjini huviona ni takataka. Ukinunua mbao nzima, nunua kwa muuzaji mwenye kibali cha misitu. Mbao zinazouzwa kwa kunong'ona, zinazosemekana zimetoka Minziro, ziache. Ule ni msitu wa hifadhi.

Shida kubwa ya hapa ni unyevu. Mji wa Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na ubao unaoonekana mkavu dukani unaweza kuwa bado una maji moyoni. Panga vipande kivulini, vijiti katikati ili upepo upite, na kila wiki pima kipande kimoja kwenye mizani ya duka. Uzito ukishuka, ngoja. Ukibaki palepale kwa wiki kadhaa, chonga. Chunguza pia matundu ya bungua: palipo na unga mweupe chini ya ubao, huyo mdudu bado anakula.

Zana

Msumeno wa kawaida, msumeno mwembamba wa kukatia mikunjo, randa ndogo, patasi mbili (mm 6 na mm 12), kisu kikali, tupa bapa na tupa ya nusu duara, keekee yenye misumari ya mm 2 na mm 4, skwea, rula ya chuma, jiliwa, gundi nyeupe ya mbao, na msasa wa namba 80, 120, 180, 240 na 400. Spoki za baiskeli zilizochakaa zitakuwa vigingi vya chuma na ekseli. Noa patasi kila mara. Patasi butu ndiyo inayokata vidole, kwa kuwa hulazimisha mkono kusukuma kwa nguvu.

Bodi: hapa ndipo penye ndege

Kata kipande cha sm 24 kwa 5 kwa 4, nyuzi zikienda kwa urefu. Sentimita mbili za ziada ni za kubania kwenye jiliwa, utazikata mwisho.

Tengeneza violezo viwili vya karatasi ngumu: umbo la ubavuni na umbo la juu. Chora la ubavuni pande zote mbili za kipande, na la juu kwenye mgongo. Kabla hujakata chochote cha mviringo, fanya mambo mawili wakati kipande bado kina pembe nne. Kwanza, kata kikalio cha bawa mgongoni, kikiwa mraba na bodi. Pili, toboa matundu yote ya vigingi. Ukishaviringisha bodi, skwea haina pa kushika, na bawa litakaa upande milele.

Sasa kata umbo la ubavuni. Vile vipande vilivyotoka usivitupe. Virudishe mahali pake kwa utepe wa gundi ili kipande kiwe na pembe nne tena, kisha ugeuze na ukate umbo la juu. Ukiondoa utepe utakuta ndege imetokea ndani, yenye kona.

Zingatia sana mstari wa chini. Kwenye Caribou, tumbo huenda likiwa limenyooka, halafu nyuma ya mabawa linapanda kwa ukali hadi kwenye mkia. Kupanda huko ndiko kunakoacha nafasi kwa mlango wa mizigo kufunguka na gari kuingia moja kwa moja. Wachongaji wengi hukulainisha wakidhani wanapendezesha, na hapo hapo wanakuwa wametengeneza ndege ya abiria. Acha mstari upande kama ulivyo.

Kisha punguza kona nne ziwe nane, nane ziwe kumi na sita, ndipo uingie msasa. Usiviringishe hadi bodi iwe kama bomba. Sehemu ya mizigo ina ubavu uliosimama na sakafu bapa, maana sanduku halikai ndani ya duara. Pua iache mwisho, na vioo vya marubani vichore kwa penseli kwanza. Vikikaa chini sana ndege huonekana inasinzia.

Mabawa yaliyovunjika kwa makusudi

Bawa la Caribou likitazamwa mbele halijanyooka. Kutoka bodini linashuka kidogo hadi kwenye injini, halafu kutoka kwenye injini linapanda kuelekea nchani. Sababu ni ya kihandisi: injini zikishuka, miguu ya matairi inayokunjwa ndani yake huwa mifupi, na mguu mfupi huvumilia kiwanja kibovu.

Usijaribu kuchonga bawa lote kwenye ubao mmoja. Nyuzi zitakatika pale linapokunja, na litavunjika siku ya kwanza. Fanya vipande vitatu. Cha kati kinatoka injini hadi injini, ukikichonga kwenye ubao mnene wa sm 2 ili upate ule mteremko wa pande mbili. Viwili vya nje vinatoka kwenye ubao wa mm 6, nyuzi zikienda kwa urefu wa bawa. Maungio yakae palepale penye injini: injini ikibandikwa juu yake, hakuna atakayeyaona.

Kipande cha kati kina upana ule ule mwanzo hadi mwisho. Vya nje hupungua kuelekea nchani. Linganisha na picha ya juu. Weka unene mkubwa kwenye theluthi ya mbele, viringisha ukingo wa mbele, na wa nyuma upunguze taratibu hadi karibu mm 1. Usiufanye mkali kama kisu, utamegeka kwenye mzigo. Andika "kulia" na "kushoto" kwa penseli upande wa chini kabla hujaanza. Mchongaji mwenye haraka hujikuta na mabawa mawili ya kulia.

Unapounganisha, kata kabari mbili za karatasi ngumu zenye pembe moja na uziweke chini ya ncha zote mbili hadi gundi ikauke. Macho peke yake hayatoshi. Ncha moja ikipita nyingine kwa mm 3, ndege nzima huonekana inaanguka.

Mkia na mlango

Mkia wa wima ni mrefu. Ukate kwenye ubao wa mm 5, nyuzi zikisimama, ili usikatike ukishikwa. Wa mlalo nyuzi zipite kutoka ncha hadi ncha. Kwenye Caribou wa mlalo umekaa chini, karibu na bodi; ukiupandisha juu kabisa, umechonga Buffalo. Kata mfereji mwembamba mgongoni na uingize mkia wa wima kwa ulimi; gundi peke yake haitoshi.

Mlango wa nyuma unaweza kuuchora tu kwa ncha ya kisu. Lakini ukiweza, uache wazi. Toboa matundu kadhaa ya mm 4 kutoka nyuma, yasafishe kwa patasi upate chumba cha kina cha sm 4, na utengeneze daraja la kupandia kwa ubao wa mm 2 linaloteremka hadi chini. Mtu akilitazama hilo daraja hahitaji kuambiwa kazi ya ndege hii.

Injini, pangaboi na matairi

Injini za Caribou zina pua ya mviringo, pana, kwa sababu silinda zake zimezunguka kama petali za ua. Chonga mbili pamoja kwenye fimbo moja, kisha uitenganishe katikati. Zitafanana bila kusumbuka.

Pangaboi lina panga tatu na kipenyo cha karibu sm 4. Chonga kitovu kwa mbuni, panga kwa mwanzi. Kupata nafasi sawa, fikiria uso wa saa: panga la kwanza mahali pa saa sita, la pili saa kumi, la tatu saa mbili. Kila panga ligeuze kidogo, na yote yageukie upande mmoja.

Matairi ni sita: mawili mbele, na mawili mawili chini ya kila injini. Kata visahani kutoka kijiti cha mbuni, vyote kwa kipimo kimoja, na utumie spoki kuwa ekseli.

Kabla ya kubandika miguu, isimamishe ndege kwa muda. Mkia mzito unaweza kuivuta ikakalia nyuma. Dawa yake ni kutoboa shimo chini ya pua na kuingiza nati ya chuma, kisha kuziba kwa kigingi. Usitumie risasi ya betri au ya nyavu. Ni sumu, na watoto watashika ndege hii.

Jaribio la kivuli

Mwaka 1942 jeshi la majini la Marekani liliwaomba wanafunzi wa shule watengeneze ndege 500,000 za mbao kwa kipimo cha 1:72. Zilipakwa rangi nyeusi tupu na kutumika kuwafundisha askari kutambua ndege ya rafiki na ya adui. Hazikuwa na nembo wala vioo. Umbo pekee lilitosha.

Fanya jaribio hilo kabla hujapaka chochote. Ishike ndege dirishani mwanga ukiwa nyuma yake, mtu akiitazama ubavuni, kisha mbele. Mpe picha za Caribou, Buffalo na Dakota, achague. Akikosea, tafuta kosa kwenye mambo matatu: mkia wa mlalo umekaa juu mno, tumbo halikupanda vya kutosha, au bawa limenyooka. Hakuna rangi itakayoficha hayo.

Kumalizia

Sugua kwa namba 120 hadi 240, futa kwa kitambaa chenye unyevu ili nyuzi zisimame, acha ikauke, kisha pita namba 400. Mimi ningeiacha rangi ya mti ionekane. Mbao mbili za rangi tofauti, musizi kwa mwili na mbuni kwa matairi, zinasema zaidi ya madoa ya kijani ya kijeshi. Pia unaepuka kuchora namba na nembo za jeshi kwa kubahatisha.

Kwa mng'ao wa kudumu weka sila mara mbili, msasa mwepesi katikati, halafu vanishi isiyong'aa sana. Anayependa njia ya asili atumie mafuta ya kitani na nta ya nyuki. Vitambaa vilivyolowa mafuta hayo usivikunje na kuvitupa kwenye boksi. Vinaweza kuwaka vyenyewe. Vitandaze nje vikauke. Vanishi usiipake siku ya mvua, itageuka nyeupe kama ukungu.

Kitako na maneno yake

Kitako cha mvule cha sm 15 kwa 10 kinatosha. Andika jina la ndege, mwaka iliporuka mara ya kwanza, kipimo 1:100, aina ya mbao, jina lako, na Bukoba au Muleba. Usiandike kwamba ndege hiyo ilitua hapa mwaka fulani kama huna shahidi. Wazee wa mkoa huu waliona kwa macho yao, na uongo mmoja wa kitako utaifanya kazi yote itiliwe shaka.

Wateja wapo wa aina tatu. Kuna familia za wanajeshi wastaafu, ambazo hununua zawadi hasa karibu na Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai. Kuna shule, zinazohitaji kitu cha kushika wakati wa somo la historia. Na kuna wageni na Wahaya wanaoishi mbali wanaokuja likizo. Hao watengenezee sanduku jepesi lenye nafasi ya pangaboi, na mbao iwe safi, bila gome wala tundu la bungua, maana forodha za nchi nyingi hukagua.

Bei ianze na hesabu: mbao, gundi, msasa na vanishi, kisha siku zako mara ujira wa siku wa fundi wa mtaani kwako, kisha faida. Mteja akilia bei, usikatae mazungumzo. Toa kitako cha mvule uweke cha paina, punguza mng'ao, mwondolee sanduku. Akikuambia uache daraja la nyuma au ulainishe ule mstari wa tumbo ili umalize haraka, mchongee kitu kingine.